Shule bila tumbaku: faida yake iko wapi kweli?

Wandugu na dada zangu wa muungano, leo nataka tuongee juu ya kitu ambacho wengi wanakichukua kama kidogo: tumbaku ndani ya shule. Ukisema «shule bila tumbaku», watu wanafikiri mara moja kibao kwenye mlango: sigara imechorwa, mstari mwekundu umepita juu yake, basi, kazi imeisha. Kisha mkubwa mmoja anapita chini ya kibao kile na sigara kwenye vidole, na hakuna mwenye kushangaa.

Mimi nitajaribu kuonyesha kwamba faida ya kweli haiko kwenye kibao. Iko katika kukata njia ambayo sigara ya kwanza inapita mpaka kufika mikononi mwa mtoto wa miaka 13 ao 14. Njia ile mara nyingi inapita kwenye kiwanja cha shule, na saa zingine inapita katika mikono yetu sisi wenyewe wasomi.

Naandika kama mtu wa agronomia. Nilimaliza lisansi, na kama wengi kati yetu, kazi ya mashamba niliyosomea haikuonekana mara moja, kwa hiyo nafundisha biolojia na kilimo katika sekondari moja ya Kivu ya Kusini. Wengi wenu muko katika hali hiyo hiyo: muko na diploma ya sheria, ya ekonomia, ya komersi, lakini asubuhi muko mbele ya ubao na choki mkononi. Njo maana habari hii inatuhusu sisi mbele ya kuhusu Ministeri. Siku moja, tukiwa kwenye somo la mapafu, mwanafunzi aliniuliza: «Prof, kama tumbaku ni sumu, sababu gani bakubwa banaivuta hapa hapa ku masomo?» Darasa lote likacheka. Lakini swali lile ni la akili, na linastahili jibu la kweli.

MMEA UNAOJILINDA KWA SUMU

Tuanze na mmea wenyewe. Tumbaku tunayoijua ilitoka Amerika, na iko katika ukoo mmoja na nyanya, pilipili, biringani na viazi vya kizungu. Nikotini yake inatengenezwa hasa kwenye mizizi, kisha inapanda pamoja na maji mpaka kwenye majani. Kwa nini mmea unapoteza nguvu yake kutengeneza kitu kama hicho? Ni juu ya wadudu. Mdudu akitafuna jani, mmea unaongeza nikotini. Yaani nikotini ni dawa ya wadudu ambayo mmea unajitengenezea wenyewe.

Watu waliligundua hilo zamani. Kwa muda mrefu wakulima wa inchi nyingi walipulizia mashamba dawa iliyotokana na nikotini, mpaka ilipoanza kuachwa kwa sababu ilikuwa hatari kwa yule anayepulizia. Ata huku kwetu kuko wakulima wanaoloweka majani ya tumbaku ndani ya maji na kumwangia shu juu ya vidudu vidogo vinavyonyonya majani. Mdudu anakufa kwa sababu nikotini inashika mishipa ya fahamu yake. Sasa kumbuka: mishipa yetu sisi iko na kufuli ya aina ile ile, na nikotini ni ufunguo unaoingia humo. Watu wanaovuna majani mabichi ya tumbaku wakati yamelowa na umande wanapataka kizunguzungu na kutapika, na hawajavuta kitu. Sumu imepita kwenye ngozi tu.

Wanafunzi wakisikia maelezo hayo, wanaelewa haraka kushinda ukiwaambia «tumbaku ni mbaya, Mungu hapendi». Mtoto wa kijiji anajua dawa ya wadudu ni nini. Anajua haiwekwi mdomoni.

SABABU GANI UMRI NI JAMBO KUBWA

Mtu akivuta moshi, nikotini inapita kwenye mapafu, inaingia katika damu, na inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 mpaka 20. Huko inafungua kemikali ya furaha inayoitwa dopamini. Furaha ile ni fupi. Ikipungua, ubongo unaomba ingine. Nyuma ya muda, mtu havuti tena ili ajisikie vizuri. Anavuta ili asijisikie vibaya. Huo njo utumwa wenyewe.

Kwa mtu mkubwa mambo haya ni magumu. Kwa kijana ni magumu zaidi, kwa sababu ubongo wa mtu unaendelea kujijenga mpaka karibu miaka 25. Sehemu inayojengwa mwisho ni ile inayotusaidia kujizuia, kupima hatari na kushika mawazo mahali pamoja. Nikotini ikiingia wakati ule, inaweka alama. Vijana wengine wanaanza kuonyesha dalili za utumwa mbele hata ya kufika kuvuta kila siku.

Huko Marekani, ambako mambo haya yamehesabiwa kwa muda mrefu, ripoti za serikali juu ya afya zilionyesha kwamba karibu watu wakubwa 9 kwa 10 wanaovuta kila siku walijaribu sigara ya kwanza mbele ya miaka 18. Geuza maneno hayo upande wa pili: kijana akivuka ile miaka bila kushika sigara, kuko nafasi kubwa hatashika kamwe. Na mtu asiyeshika kamwe hana lazima ya kupigana ili aache.

Hapa njo faida ya kwanza inaonekana. Sekondari yetu inapokea mtoto karibu na miaka 12 na kumwachia karibu na miaka 18. Ni miaka ile ile ambayo mlango uko wazi. Sisi watu wa agronomia tunajua kazi ya pepinyeri: mche unalindwa kwa kivuli na maji katika majuma ya kwanza, kwa sababu ukipata ugonjwa pale, utaubeba mpaka shambani. Hatuwezi kulinda mti mkubwa kila siku ya maisha yake, lakini pepinyeri iko mikononi mwetu. Shule ni pepinyeri.

Na hesabu ya kukosa kulinda tunaijua. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linasema tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na kwamba wanaovuta bila kuacha, mpaka nusu yao watauawa na tumbaku yenyewe. Ndani ya wafu hao kuko zaidi ya milioni moja ambao hawakuvuta. Walipumua tu moshi wa wengine.

NJIA YA SIGARA YA KWANZA

Tuitazame sasa njia yenyewe. Mtoto hanunui paketi. Paketi ni bei. Ananunua tije moja. Mbele ya shule nyingi kuko kibanda: biskuti, bonbon, bik, kredi za simu, na pembeni paketi moja ya sigara iliyofunguliwa. Kibiriti cha gazi kinaning'inia kwenye kamba ili kila mmoja awashe hapo hapo. Feza ya bonbon chache inatosha kununua tije. Hiyo ni hatua ya kwanza: sigara iko karibu, na bei yake ni ya mtoto.

Hatua ya pili ni macho. Mtoto anaona mkubwa anayemheshimu akivuta wakati wa rekreasyo, nyuma ya biro. Hakuna aliyemfundisha kwamba kuvuta ni alama ya ukubwa. Amejifundisha mwenyewe kwa kutazama. Unaweza kufundisha mapafu saa nzima ubaoni. Dakika tano za rekreasyo zinafuta yote.

Hatua ya tatu ni mkono. Huku kwetu tunatumaka watoto. Kumtuma mtoto maji, choki, chumvi, si vibaya, ni malezi yetu. Lakini mkubwa anamwita mwanafunzi: «We kijana, kimbia kwa mama wa kibanda, uniletee tije mbili.» Mtoto anashika sigara kwa mara ya kwanza kwa mkono wake kwa sababu ya utii. Mama wa kibanda anazoea kumpa. Siku ile mtoto atakuja kwa ajili yake mwenyewe, hakuna atakayeuliza.

Nitawaambia jambo moja lililotokea katika shule moja nilipofundisha zamani kidogo. Jina lake si lazima. Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa umanite alikutwa na tije moja mfukoni. Direkteri wa disiplini akamfukuza siku tatu, na akamwomba arudi pamoja na mzazi. Mtoto alilia akisema alitumwa. Na ilikuwa kweli: aliyemtuma alikuwa mkubwa wa shule ile ile, na siku ya kuamua alikaa kimya kwenye kiti chake. Baba wa mtoto alikuwa mbali, kwenye machimbo. Mama aliona haya kuja. Siku tatu zikawa juma mbili, mitihani ya trimestri ikapita, na mwaka ule ukapotea. Tije moja, tena haikuwa yake.

Kisa kile kilinifundisha kitu: shule ile ilikuwa na kanuni dhidi ya tumbaku, imeandikwa vizuri kabisa. Ilikuwa kanuni ya watoto peke yao. Kanuni kama hiyo haikati njia, inaadhibu tu yule aliye mwisho wa njia.

SHULE BILA TUMBAKU NI NINI BASI?

Mwaka 2023 OMS ilitoa mwongozo kwa ajili ya shule, na mambo yake makubwa ni manne. Moja: tumbaku na nikotini za kila aina zisiingie katika eneo la shule. Mbili: zisiuzwe karibu na shule. Tatu: matangazo yake, ya wazi ao ya kujificha, yasiwekwe karibu na shule. Ine: shule isipokee zawadi wala msaada wa makampuni ya tumbaku. Ona vizuri: katika mambo hayo manne, hakuna moja linalosema «mtafuteni mtoto mumfukuze». Yote yanatazama mahali, wakubwa na wauzaji.

Hii si habari ya kigeni kwa inchi yetu. Kongo ilithibitisha mwaka 2005 Mkataba wa OMS juu ya kupigana na tumbaku, ule uliokubaliwa mwaka 2003. Fungu la 16 la mkataba ule linaomba inchi zizuie kuuza tumbaku kwa watoto, na zijikaze kukataza kuuza sigara moja-moja, kwa sababu tije moja njo inaifanya sigara kuwa rahisi kwa mtoto. Sheria namba 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018 juu ya afya ya watu wote, nayo inaongea juu ya tumbaku. Majirani wetu wa Uganda walipitisha sheria yao mwaka 2015: mtu chini ya miaka 21 hauziwi, na kibanda cha sigara hakiwezi kukaa chini ya metre 50 na shule. Kwetu karatasi ziko. Kinachokosa ni mtu wa kuzishusha mpaka kwenye kiwanja cha shule ya kijiji, na mtu yule anaweza kuwa mmoja wetu.

FAIDA NDANI YA DARASA

Faida ya pili ni hewa. Tangu masomo ya primari yawe ya bure mwaka 2019, madarasa mengi yamejaa, na tunajua ginsi watoto wanabanana kwenye benchi. Moshi wa sigara uko na kemikali zaidi ya 7000, na karibu 70 kati yake zinajulikana kwamba zinaleta kansa. Moshi wa mtu anayevuta dirishani unaingia. Kwa mtoto mwenye asima, moshi kidogo tu unaweza kumfungia kifua mpaka akose somo. Watoto wanaopumua moshi wa wengine wanapataka pia magonjwa ya masikio na ya mapafu mara nyingi zaidi. Tena Kongo iko kati ya inchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu duniani, na tumbaku inaongeza hatari ya ugonjwa ule. Katika darasa lililobanana, kikohozi cha mmoja ni habari ya wote.

Faida ya tatu ni akili ya kusoma. Mwanafunzi aliyezoea nikotini anaanza kukosa utulivu saa chache nyuma ya sigara yake: anakasirika bure, anatazama inje, mawazo hayakai. Mwalimu anasema «huyu ni mvivu». Si uvivu, ni ubongo unaomba. Na mwalimu anayevuta naye anapitia hali ile ile mbele ya darasa. Shule ikikataza kwa wote, ata mwalimu mwenye hamu ya kuacha anapata msaada: saa sita za kila siku mahali ambapo hakuna anayewasha, hakuna anayemnyooshea paketi. Wengi wanaopunguza wanaanzia hapo.

Faida ya ine ni feza. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme tije moja ni franka 200, na kijana anavuta tatu kwa siku. Ni franka 600 kwa siku, 18 000 kwa mwezi. Kwa mwaka wa shule wa miezi kumi, ni franka 180 000. Sasa wewe mwenyewe hesabu ni kayé ngapi, ni iniforme ngapi. Na feza ile mtoto hana; inatoka kwenye minervale, ao kwenye mfuko wa mama aliyeuza makala sokoni.

FAIDA AMBAYO WATU WA AGRONOMIA WANAIJUA

Sasa niingie kwenye shamba, kwa sababu shule nyingi huku ziko na bustani. Kuko virusi inayoitwa mozaiki ya tumbaku. Ni ya historia: mwaka 1892 Ivanovsky, Mrusi, alionyesha kwamba maji ya jani lenye ugonjwa yanaendelea kuambukiza ata yakichujwa kwa chujio kinachozuia bakteria. Mwaka 1898 Beijerinck, Muholanzi, akaeleza kwamba hiyo si bakteria, ni kitu cha aina ingine. Hapo njo elimu ya virusi ilianza. Kwa hiyo mwanafunzi wa biolojia anaweza kumshukuru mmea wa tumbaku kwa jambo hilo moja.

Lakini virusi ile inadumu muda mrefu, ata ndani ya tumbaku iliyokauka ya sigara. Mtu akivuta kisha akashika miche ya nyanya ao ya pilipili bila kunawa, anaweza kuipandikiza kwa vidole. Majani yanakuwa na madoa ya kijani kibichi na kijani cheupe, yanajikunja, na mavuno yanapungua. Haina dawa ya kupulizia. Mche wenye ugonjwa unang'olewa. Njo maana katika pepinyeri inayofuata kazi vizuri, kanuni ni mbili: hakuna kuvuta ndani, na kunawa mikono na sabuni mbele ya kugusa miche. Shule bila tumbaku inalinda nyanya zake bila kulipa kitu.

Kisha kuko vipande vya sigara, vile tunaitaka mego. Watu wanafikiri ile pamba nyeupe ni pamba kweli ao karatasi. Ni plastiki, inaitwa asetati ya selulozi, na haiozi haraka. Ndani yake kunabaki nikotini na sumu zingine. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kipande kimoja hivi katika litre moja ya maji kilitosha kuua nusu ya samaki wa majaribio ndani ya siku ine. Mwaka 2019 watafiti wa Uingereza waliweka vipande vya sigara katika udongo uliopandwa trefle, lile jani ambalo ng'ombe wanapenda: mbegu zilizoota zilipungua kwa asilimia 27, na urefu wa miche kwa asilimia 28. Sasa fikiri kiwanja cha shule kwenye mlima wa kwetu. Mvua ikinyesha, kila kitu kinatelemka: kwenye bustani, kwenye mto, mwisho kwenye ziwa Kivu ambako tunavua sambaza.

Nisisahau moto. Madarasa mengi yetu ni ya mbao, na mengine huko vijijini yamefunikwa na majani. Watu wa Bukavu sina lazima ya kuwaeleza moto unafanya nini kwenye nyumba za mbao katika majira ya kiangazi. Kipande kimoja kisichozimwa vizuri karibu na ukuta wa mbao kinatosha.

MASWALI WANAYOTUULIZA

Wengine wanasema: «Mkubwa iko na haki yake, sigara si bangi.» Ni kweli, sigara haijakatazwa kwa mtu mkubwa. Anaweza kuvuta kwake, ama njiani mbali na shule, mbele ao nyuma ya saa za kazi. Lakini mwalimu havai bubu kwenda kufundisha, na hakunywi pombe mbele ya ubao, ijapokuwa vyote hivyo ni haki yake nyumbani. Kazi iko na mipaka yake.

Wengine wanauliza: «Na mama wa kibanda, atakula nini?» Swali la haki. Mama yule analea wanafunzi wenyewe. Lakini angalieni meza yake: mbele ya shule, wateja wake wakubwa ni watoto, na watoto wananunua mandazi, ndizi, karanga, maji, bik. Ukimwendea kwa heshima, «Mama, tunaomba msaada wako, ni watoto wako», mara nyingi anasikia kushinda akitishwa na polisi. Shule inaweza kumpa neno kwamba siku za sherehe na za mkutano wa wazazi yeye njo atauza ndani. Hapo hatakuwa amepoteza.

Wengine wanasema: «Babu zetu walivuta kiko na kunusa tumbaku, na walizeeka.» Walioonekana wamezeeka ni wale waliobaki. Waliokufa mapema kwa kifua hakuna aliyewahesabu. Na mzee wa zamani hakumpa mjukuu wa miaka 13 kiko chake. Tumbaku ilikuwa ya wazee, iko na mahali pake na saa yake. Tije ya kibandani haina mahali wala saa.

Na wengine wanasema: «Walimu hawalipwi vizuri, benchi hazitoshi, na wewe unaleta habari ya sigara?» Ninakubali shida zile ni kubwa; mimi mwenyewe ninazikalia. Lakini benchi zinaomba feza ambayo hatuna. Hii haiombi feza. Inaomba mkutano mmoja na wakubwa wanaokubali kuanza wao.

TUNAWEZA KUFANYA NINI

Kwa wale wanaofundisha, hizi njo hatua ninazoziona zinawezekana, kwa utaratibu huu:

1. Anzeni katika biro ya walimu. Ongeeni na prefe kwanza, kwa heshima, mbele ya kuongea na wanafunzi. Kanuni isiyoanza na wakubwa haitashika.

2. Andikeni katika kanuni za ndani za shule maneno machache: hakuna tumbaku ya aina yoyote, kwa mtu yeyote, katika eneo lote la shule, siku zote. Mzazi, mwashi, mgeni wa mechi, wote wamo. Shisha na sigara za umeme pia, maana miji yetu imeshaanza kuziona.

3. Andikeni pia: hakuna mkubwa wa kumtuma mwanafunzi sigara. Hilo peke yake ni nusu ya kazi.

4. Komite ya wazazi imtembelee kila mwenye kibanda karibu na shule. Ombi la kwanza liwe moja na rahisi: musiuze tije moja-moja kwa mwenye iniforme.

5. Mwanafunzi akikutwa anavuta, asifukuzwe. Aitwe, aulizwe alianza lini na nani, mzazi ajue, na mwalimu mmoja anayemwamini amfuate kwa majuma kadhaa. Siku ya kwanza mpaka ya tatu bila nikotini njo ngumu zaidi; kijana akiwa na mtu wa kuongea naye siku zile, iko na nafasi. Ukimfukuza, unampeleka mahali ambapo sigara iko na kanuni haiko.

6. Wape kazi ya mikono. Klabu ya bustani, ya mpira, ya usafi. Wanafunzi wahesabu vipande vya sigara kwenye kiwanja siku ya kwanza, kisha nyuma ya mwezi, kisha nyuma ya trimestri. Hesabu ile iandikwe mahali watu wote wanaiona. Ni majaribio ya sayansi ambayo hayaombi laboratware.

Kwa wale ambao bado muko kwenye univesite: nanyi muko na kazi. Wadogo zenu wanawatazama mukirudi konje. Wakiwaona na sigara, wanafikiri njo sura ya mtu aliyesoma.

Na kwa wale kati yetu wanaovuta, siwahukumu. Najua nikotini inafanya nini. Nimewaeleza hapa juu. Ninawaomba kitu kimoja tu: kiwanja cha shule kiwe mahali ambapo hamuvuti, na mkono wa mtoto usiwe njia ya sigara yenu. Hata kama hamujaweza kuacha, hilo munaweza kulifanya kesho asubuhi.

Tumbaku haitatoka Kongo mwaka huu. Lakini mtoto anayeingia darasa la saba mwezi wa tisa, na anayemaliza miaka sita nyuma yake bila kutumwa sigara hata mara moja, bila kumwona mwalimu wake akivuta, bila kununua tije kwenye mlango wa shule, yule ametoka pepinyeri akiwa mzima. Kila promosyo inayotoka hivyo ni kitu ambacho hakuna kampuni inaweza kutunyang'anya tena.

Wale ambao shule yenu imeshaanza, andikeni hapa chini namna mulifanya, na mahali palipokuwa pagumu. Wengine watajifunza.